Nilivyojifunza Kikantoni cha kuanza kazi

Nilianza na silabi moja, gung1, yaani kazi. Ukiitangulizia kitenzi, unapata maneno mengi ya ajira: wan2 gung1 ni kutafuta kazi, gin3 gung1 kwenda kwenye usaili, hoi1 gung1 kuanza kazi yenyewe, sau1 gung1 kumaliza kazi ya siku. Namba hizo ni toni, yaani jinsi sauti inavyopanda au kushuka, kwa Jyutping, mfumo unaotumika Hong Kong kuandika Kikantoni, lugha ya Kichina ya huko, kwa herufi kama zetu. Usiziruke: sau1 gung1 ukiipandisha sauti ikawa sau2 gung1, umeshasema kazi ya mikono.

Neno la kila asubuhi ni faan1 gung1, kwenda kazini. Faan1 maana yake kurudi, lakini hata mgeni wa siku ya kwanza "anarudi". Sentensi niliyoirudia kuliko zote ni hii: ngo5 gam1 jat6 dai6 jat1 jat6 faan1 gung1, leo ni siku yangu ya kwanza kazini. Ugumu uko pale katikati. Jat1, sauti ya juu, ni moja. Jat6, sauti ya chini, ni siku. Halafu sisi Waswahili tumezoea kumalizia na irabu, kwa hiyo tunasema "jati". Peleka ulimi nyuma ya meno ya juu uuache hapo hapo, sauti ikatike. Niliitenga jat1 jat6 peke yake, polepole, juu kisha chini, ndipo nikairudisha kwenye sentensi.

Kosa jingine: zo2, inayofanana na -me- yetu, haikai mwishoni. Huingia kati, faan1 zo2 gung1, amekwenda kazini. Faan1 gung1 zo2 ni makosa.

Kwenye usaili, lou5 sai3 (bosi) akiuliza gei2 si4 faan1 dak1 gung1 aa3, anataka kujua utaweza kuanza lini. Jibu haa6 go3 lai5 baai3 jat1, Jumatatu ijayo. Mwenzako akikuelekeza jambo, sema m4 goi1, asante. Do1 ze6, nayo asante, iweke kwa zawadi, kama lai6 si6, bahasha ya pesa ambayo mabosi hugawa kazi zikifunguliwa baada ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Kulipwa mshahara ni ceot1 loeng4, kutoa nafaka. Kufukuzwa ni caau2 jau4 jyu2, kukaanga ngisi, kwa sababu ngisi akikaangwa hujikunja kama matandiko ya mfanyakazi anayeondoka. Hilo halikunipa shida kulikariri: nasi husema amefungashiwa virago, na kirago ni mkeka wa kulalia.