Seti ya kadi za besiboli ikifika Dar, kata nailoni

Kadi zilizogandana zina sauti yake ukizitenganisha, kama unabandua lebo kwenye chupa mpya, tsrrr, na ukishaisikia huwezi kuisahau maana kila ikilia hivyo ujue kuna rangi imebaki upande wa pili. Mi niliisikia mwezi wa nne, mvua za masika zimekolea, nimekaa chini chumbani kwangu Sinza na seti ya 2001 ya Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, seti ambayo ilikaa juu ya kabati miaka miwili na nailoni yake ya kiwandani haijaguswa. Nilikuwa naitunza hivyo makusudi. Kila mahali unaposoma wanakwambia usifungue, ikishafunguliwa imeshuka thamani, basi nikatii. Siku nimeikata nikakuta ndani sio kadi tena, ni tofali. Zimeshikana kumi kumi, ishirini ishirini, na nikaanza kuzibandua moja moja kwa ukucha, taratibu, mpaka nikafika namba 726 ambaye ni Ichiro, na uso wake ukabaki mgongoni mwa kadi ya mbele yake.

Aisee iliniuma. Bado inaniuma.

Niseme kwanza kwa nini Ichiro. Pale Azania sekondari, Upanga, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na mdogo wangu alikuwa anacheza pale, nikawa namfuata jumamosi, najikalia pembeni nikijaribu kuelewa kwa nini mtu kapiga mpira vizuri kabisa halafu anaambiwa toka. Wale vijana jina walilokuwa wanalitaja kuliko yote ni Ichiro Suzuki, na nilipoanza kufuatilia nikawaelewa. Jamaa katoka Japani kaingia Seattle Mariners 2001, msimu wake wa kwanza Marekani kapiga mapigo halali 242, akachukua tuzo ya mchezaji mpya na ya mchezaji bora wa ligi yake kwa mpigo, na 2025 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la besiboli kule Marekani akikosa kura moja tu kati ya 394. Kadi yake ya 2001 ina fremu ya kijani. Ndo kadi niliyoitaka kuliko zote, ila sikutaka kuinunua peke yake, nilitaka awepo na wenzake wote wa mwaka ule.

Hapo ndo penye raha ya hizi seti za kiwandani. Kwa asiyejua, kadi hizi unaweza ukanunua pakiti ukabahatisha, unaweza ukanunua moja moja kwa mtu, au unachukua seti nzima iliyopangwa na kampuni yenyewe kwenye boksi moja, kila namba ipo. Chukua Topps ya 1987. Ni kadi 792, na namba hiyo haikutoka hewani, walikuwa wanachapa karatasi kubwa yenye kadi 132 na karatasi sita ndo zinakupa 792. Sasa jaribu kuikamilisha kwa pakiti, kila pakiti ilikuwa na kadi 17, na hata tuseme kila kadi ina nafasi sawa ya kutokea, kwa wastani utahitaji kadi kama 5,700 mkononi ndo zote zipatikane, yaani pakiti zaidi ya 330, kwa sababu mwishoni unabaki unatafuta watu wawili watatu na kila pakiti inakuletea walewale ulionao tayari. Halafu pakiti za enzi zile zilikuwa na bigijii ndani, inaacha doa kwenye kadi iliyolaliana nayo. Ya kiwandani haina mambo hayo.

Hiyo ya 1987 ndo seti yangu ya kwanza na mpaka leo ndo naipenda kuliko zote. Fremu yake ni ya mbao, yaani wamechapa michirizi ya mbao kuzunguka picha, na mara ya kwanza nilipoishika nikaona kabati la vyombo la mninga alilonunua mama Keko, rangi ileile, mistari ileile. Ndani yumo Barry Bonds namba 320 akiwa bado mwembamba kabisa na jezi ya Pittsburgh, mtu aliyekuja kumaliza na homurani 762, yaani mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio, na Mark McGwire namba 366 bado kijana. Lakini mi hao siwaangalii sana. Nawaangalia wale wengine, mdakaji wa akiba kapigwa picha kakaa benchi, mrushaji ambaye ukigeuza nyuma takwimu zake ni mistari miwili tu, watu ambao hakuna atakayenunua kadi yao peke yake hata siku moja. Kwenye seti wana nafasi sawa na Bonds. Timu zilikuwa 26 mwaka ule na ukizipitia zote 792 kwa siku kadhaa, jioni jioni, unaufahamu mwaka mzima kama mtu anavyofahamu mtaa wake, mpaka yule ambaye hamjawahi kusalimiana.

Na bei sio ya kutisha. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 80 zilichapwa nyingi kupita kiasi kwa sababu kila mtu kule alikuwa anaziweka akidhani zitakuja kumsomeshea watoto, matokeo yake leo zimejaa tele. Mi ya 1987 nililipa dola 20. Kinachokuumiza ukiwa Dar ni usafiri, seti moja inafika kama kilo moja na nusu na wakala wa mizigo anakupigia kwa kilo, kwa hiyo nauli inaweza ikaizidi bei ya kadi zenyewe. Mi zangu zinafikia kwa dada yangu Houston, mtoto wa mama mkubwa, halafu nasubiri mtu anayekuja Bongo mwenye nafasi kwenye begi.

Kusubiri huko ndo kulinifundisha kitu kingine. Kuna seti moja nilinunua imeandikwa kabisa ya kiwandani, ikakaa Houston miezi minne, imefika huku nahesabu, jumla 792 sawasawa, nikafurahi. Napanga kwa namba sasa, 318, 319, 321. Bonds hayupo, na mchezaji mwingine yupo mara mbili. Maana yake kuna mtu aliifungua akatoa anachokitaka, akajaza pengo, akafunga upya. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu muda wa kurudisha ulishapita, na kweli ulikuwa umepita. Kuna seti ambazo watu hupanga wenyewe kwa mkono kutoka kwenye pakiti, hizo sio mbaya hata kidogo ilimradi muuzaji aseme ukweli, ila bei yake isiwe ya kiwandani. Na hasa seti yenye kadi moja inayobeba wengine wote, kama ya 1989 ya kampuni nyingine, Upper Deck, kadi 800 na Ken Griffey Jr. ndo namba 1, hiyo wala usiilipe kabla hujaona picha za boksi pande zote, na sili zake.

Sa hivi utaratibu wangu ni kwamba dada anafungua kulekule siku ileile mzigo unapofika, tuko kwenye video. Anatoka kazini usiku, kwangu kumeshakucha, anaweka simu kwenye kopo la sukari anaanza kunisomea. "Mia tatu na kumi na tisa. Mia tatu na ishirini, huyu hapa Bonds wako mdogo wangu, kona zote nne ziko vizuri." Mwanzoni alikuwa ananivumilia tu, siku hizi ana wachezaji wake anawaulizia.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu, na najua wakusanyaji wa nchi za baridi hawatakubaliana nami: kama unaishi Dar, fungua. Ile nailoni haizuii unyevu, inakuzuia wewe usione unyevu unafanya nini. Kadi za 1987 mgongo wake ni karatasi kavu isiyong'aa, hizo zinavumilia, lakini hizi za baadaye zimepakwa mng'ao mbele na nyuma na zimebanwa uso kwa mgongo ndani ya boksi, hapo weka joto letu, weka upepo wa bahari, weka masika, weka siku umeme umekatika feni haizunguki, lazima zishikane. Siku ya kwanza zikifika mi nazitoa zote, nazipepeta kidogo kidogo kama mtu anayechanganya karata ili hewa ipite, naziacha chumbani mchana mmoja mbali na dirisha la jua, ndo naziweka kwenye bainda lenye karatasi za plastiki za mifuko tisa. Bainda linalala ndani ya kontena la mfuniko wa kubana nililonunua Mtaa wa Kongo, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuna muuza viatu Kariakoo ananiwekea, nampitia kila mwisho wa mwezi.

Nimeinunua tena ile ya 2001. Imefika wiki iliyopita, dada alishaihakiki, na jana usiku nimemaliza kuipanga. Seti hiyo haina namba 7, Topps walikuwa wameistaafisha kwa heshima ya Mickey Mantle, nyota wa zamani aliyevaa jezi namba hiyo, nikaacha mfuko wa saba wazi kwenye ukurasa wa kwanza, haki yake. Kwa kuuacha huo wazi hesabu zote zinakaa sawa mpaka mbele, ukifungua ukurasa wa 81, mstari wa kati, mfuko wa mwisho kulia, ni Ichiro, fremu ya kijani, na uso wake upo.