Bomba Lililo Chini ya Barafu

Kasenyi, usiku wa mwezi mpevu

Mwezi ukijaa, taa za wavuvi wa mukene, yaani dagaa, hazina kazi. Mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, unapata nafasi, na boti kuukuu zinavutwa mchangani. Zile zinazobeba sangara kutoka visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria nazo hupata zamu yao. Ukipita karibu na shetri, nyuma ya boti, pua inakuambia kabla ya mwenyewe: damu imelala ndani ya mbao. Mwenye boti atasema sanduku la barafu linavuja. Mara nyingi sanduku ni zima. Lililokwisha ni bomba la kutolea maji, lile lililotandikwa kabla sanduku halijajengwa, likafunikwa kwa mabamba ya povu gumu la kuzuia joto, bati na saruji, kana kwamba hakuna mkono utakaolitafuta tena.

Bomba hili hudharauliwa kwa kuwa maji yake hayaonekani. Lakini pigeni hesabu. Samaki aliyetoka kwenye maji ya nyuzi 25, mpaka afike sifuri, anayeyusha barafu ya zaidi kidogo ya robo ya uzito wake. Tani moja ya sangara inatoa kama lita 270 za maji, na hapo jua la ziwani halijachukua sehemu yake. Maji hayo yanashuka na ute, damu na magamba. Isitoshe, sisi hatuna chumvi ya kutulinda. Kule pwani maji ya bahari huchelewesha ukungu unaokula mbao. Huku maji ni matamu, na hayo ya barafu ni matamu zaidi. Yakiingia polepole kati ya taruma, ule ubavu wa boti, na ubao, hata mvule hulainika. Kwa hiyo mvujo mdogo wa ndani naona ni mbaya kuliko mkubwa wa nje, maana maji ya ule wa nje utayafua kwa upo, chombo cha kuchotea, na mvujo utautafuta siku hiyohiyo.

Kabla ya msumeno, jua kwanza maji yanatoka wapi. Kausha ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, kwa matambara. Ziba mdomo wa chini wa bomba kwa kizibo cha mti kilichofungwa kitambaa, kisha mimina maji yenye rangi ya chakula mpaka yafike usawa wa sakafu ya sanduku. Weka alama ya kalamu, subiri nusu saa. Maji yakishuka na rangi ikatokea ngamani, bomba ndilo. Yakishuka bila rangi kuonekana, yanaingia kwenye povu, na hiyo ni habari mbaya zaidi. Alama isipotikisika, acha bomba. Tatizo liko kwenye sakafu ya sanduku au kwenye maungio ya mbao, hiyo ni kazi ya kalafati, fundi wa kuziba nyufa. Usijaribu kwa pampu ya upepo. Bomba hili halikuumbwa kubeba shinikizo, na kiungo kilichokuwa kizima utakipasua wewe.

Kama limeziba tu, vijana hukimbilia nondo. Nondo inatoboa elbo, kile kiungo chenye kona, na elbo ndiyo iliyo mahali pabaya kuliko pote. Hata isipotoboa, inashindilia magamba yawe kama kizibo cha chupa. Sukuma kutoka chini kwenda juu: ingiza mpira mwembamba wa nusu inchi kwenye mdomo wa nje, ufikishe penye kizuizi, fungulia maji. Uchafu urudi ulikotoka. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha, yanayochemka hulegeza plastiki. Kostiki soda sitaki kuisikia. Inayeyusha ute kweli, lakini inaunguza macho, inakula alumini, na inapita palepale atakapolala samaki.

Likiwa limepasuka, kwa kawaida limepasuka mahali pawili: kwenye elbo chini ya sakafu, au pale linapopita ndani ya taruma. Sababu ni moja. Boti ya mbao inajinyonga kila wimbi, bomba la PVC lililogundishwa halijinyongi, na tundu la taruma lilitobolewa likabana kabisa. Kitu kigumu ndani ya kitu kinachocheza, mwisho wake ni ufa.

Njia ya kulifikia ni upande wa nyuma, si sakafuni. Fungua ngama siku nzima ipate hewa, maana mvuke wa petroli na gesi ya uozo hujikusanya humo. Tanki la petroli liwe mbali, betri ikatwe, sigara ibaki mchangani. Kisha kata mlango mdogo kwenye ubao wa kizigeu nyuma ya sanduku, upana wa sentimita 20 na urefu wa 25, mkono uingie pamoja na tochi. Taruma lisiguswe na msumeno hata kidogo. Pale ambapo msumeno hauingii, na ndiyo sehemu kubwa, uzi wa nyavu unafanya kazi nzuri ajabu. Pitisha uzi imara wa nailoni nyuma ya bomba, shika ncha mbili, vuta huku na huku kwa kasi. Joto la msuguano linaikata PVC kama siagi. Ukisita katikati, plastiki inaganda na kuushika uzi, basi usisite. Kipande kilichonasa kwenye taruma kisipigwe nyundo. Kizungushie mpira wa ndani wa baiskeli, ukaze kwa kijiti, ukisokote mpaka kiachie. Kabla hakijatoka, funga kamba kwenye ncha yake ili kikitoka kiache kamba ndani.

Elbo yenyewe ikiwa imepasuka, hapo hakuna ujanja: utakata sakafu ya sanduku kutoka juu, mraba wa sentimita 30 kuzunguka tundu. Povu utakalolikuta lipime kwa mkono. Likiwa zito limekunywa maji, na povu lililolowa halizuii joto. Litoe lote mpaka ufike lililo kavu. Chokonoa mbao kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, ubao huo ubadilishwe, usipakwe.

Sasa kipya. Usirudishe bomba gumu. Nunua mpira wa inchi moja na nusu wenye waya ndani ya ukuta wake, laini upande wa ndani. Ule wenye mikunjo ndani hukamata magamba, na ule wa bustani hujikunja ukajiziba. Uwe kipande kimoja kutoka sanduku hadi nyuma. Kiungo kiwe juu na kiwe chini, katikati pasiwe na chochote. Tundu za taruma zipanue kidogo, milimita 10 zaidi ya mpira, kingo uzipige tupa ziwe duara, mbao ikauke, kisha upake rangi mara mbili. Mahali mpira unapopita uvalishe kipande cha mpira wa ndani wa gari. Ile kamba ndiyo itakayouvuta: mtu mmoja avute taratibu nyuma, mwingine asukume mbele, ncha ikiwa imepakwa sabuni. Grisi hapana. Ncha izamishwe kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, ndipo iingie kwenye mdomo wa soketi, kile kiungo cha sakafuni, na ifungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, skurubu zake zikitazamana pande tofauti. Klipu za bei nafuu zina bendi nzuri na skurubu ya chuma cha kawaida. Peleka sumaku dukani. Si kipimo kamili, lakini skurubu inayong'ang'ania sumaku nairudisha.

Mteremko ndio unaodanganya watu wengi. Sentimita mbili kwa kila mita zinatosha, lakini mteremko wa nini? Boti iliyopanda mchangani imeinua omo, yaani mbele yake, na bomba lolote humo litaonekana linamwaga vizuri. Ikirudi majini na mzigo, shetri linapanda au linashuka kulingana na mashine na shehena, na bomba linalala. Pima kwa mstari ambao maji ya ziwa yameuchora ubavuni boti ikiwa imebeba. Weka kabari mpaka mstari huo uwe sawa kwa pima maji, halafu ndipo upime mpira.

Mdomo wa chini usitoke moja kwa moja ubavuni, ila kama sakafu ya sanduku iko juu kabisa ya ziwa hata boti ikijaa. Kwenye boti nyingi za hapa haiko. Boti ikizama kidogo, ziwa linarudi kumwosha samaki. Wala usimwage ngamani. Weka jerikeni la lita 20 lililokatwa juu, lifungwe lisiruke, na pampu ndogo ya volti 12 ndani yake itoe maji juu ya ukingo. Kabla ya kuingia humo, mpira upinde umbo la U lenye kina cha sentimita 10. Maji yanayobaki kwenye U yanazuia hewa baridi isichuruzike kutoka sandukuni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hufuata tundu kama maji. U itajaza magamba kila wiki, basi ikae mbele ya ule mlango mdogo. Juu, tundu lifunikwe kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6 hivi, unaonyanyuka. Chandarua cha mbu huzibwa na ute siku ileile.

Soketi ya sakafuni ifungwe kwa gundi ya poliyurethani juu ya mbao kavu, ikae siku tatu. Silikoni juu ya mbao yenye mafuta ya samaki huambuka kama ganda la kitunguu. Rudia jaribio la rangi, safari hii saa mbili, boti ikiwa majini na watu wanne wakitembea upande hadi upande ili mbao zijinyonge.

Upande wa ndani wa ule mlango, andika kwa rangi ya mafuta: inchi 1½, urefu wa mpira, klipu nne, mwezi na mwaka. Kalamu ya wino itafutika kabla ya mvua za Machi.