Fundi Aliyeuliza Piano Iko Wapi

Juzi mwanangu alivaa hedifoni zangu, akapiga noti chache, akazivua na kugeuka nyuma kutazama. "Baba, piano yenyewe iko wapi?" Nikamwonyesha kompyuta. Hakuridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa palepale, maana swali hilohilo niliwahi kuulizwa na mtu aliyetumia maisha yake yote kukaza nyuzi za piano.

Ni kipindi kile piano ya zamani ilipoondoka, nikabaki na kibodi ya vitufe 88 na programu. Programu yenyewe ilikuwa nzuri: sampuli zilizorekodiwa kwenye piano kubwa halisi, noti moja moja, kuanzia mguso mwepesi hadi pigo zito. Lakini kila nilipopiga nilisikia rekodi ya piano, sikusikia piano. Nikamwomba fundi wangu wa siku zote apite kusikiliza.

Nilimpa hedifoni kwanza. Akapiga noti ya katikati, akaishikilia hadi ikaisha. "Inalia vizuri, mwanangu, lakini inalia humu," akagusa kati ya nyusi zake. "Piano iko wapi?" Alikuwa ameliona tatizo lote kwa noti moja. Chumbani kila sikio husikia pande zote mbili, pamoja na kuta, na ukigeuza kichwa piano inabaki ilipo. Ndani ya hedifoni kila sikio lina upande wake tu, na ukigeuka, piano inageuka nawe.

Tukahamia kwenye spika. Nilikuwa nimezipanga kama wanavyofundisha watu wa studio: spika mbili na kichwa changu vinaunda pembetatu ya pande sawa, na kila spika iko juu ya sponji. Mzee akaweka kiganja chini ya kibodi, akabonyeza noti ya chini kabisa kwa mkono wa pili. "Hapa pamekufa." Noti ile ina mitetemo 27.5 kwa sekunde, na spika ndogo haziwezi kuitoa. Hata kwenye piano halisi sauti yake ya msingi ni hafifu. Sikio huijenga lenyewe kutokana na sauti za juu yake. Ila kwenye piano halisi mbao hutetema, na vidole hupata habari. Akaniambia niondoe sponji, spika zikae juu ya meza ileile ya kibodi, nyuma ya vitufe. Mchanganya muziki yeyote atapinga, na kwa kazi yake ana haki, kwa sababu meza inachafua sauti. Mpigaji anataka kitu kingine.

"Sasa pandisha, Mzee wako asikie." Nikapandisha hadi tukalazimika kuinua sauti ili tuongee, kama ilivyo kando ya piano yoyote inayopigwa kwa nguvu. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko kitu kingine. Nikapunguza pia bafa, yaani akiba ya vipande vya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, kutoka 512 hadi 128. Kwa vipande 48,000 kwa sekunde, 512 peke yake ni kuchelewa kwa karibu milisekunde 11, sawa na kusikiliza nyuzi zilizo zaidi kidogo ya mita tatu na nusu kutoka kwako.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona mtu akilifanya kwenye kibodi. Alibonyeza Do moja ya chini polepole mno, hata isitoe sauti, akaishikilia. Kwa mkono wa kulia akapiga Do ya oktava inayofuata, pigo moja fupi, akaiachia. Kimya. Akanitazama. "Huu uzi wa chini uko wazi. Mbona haujibu?" Nikafungua mipangilio, nikatafuta mwitikio wa nyuzi, yaani uzi ulioachwa wazi kuitikia noti nyingine, nikakuta umezimwa ili kuipunguzia kompyuta kazi. Nikauwasha. Akarudia vilevile, polepole, kidole cha kushoto kikishuka kana kwamba anamwamsha mtu. Pigo fupi likapita, na nyuma yake ikabaki sauti nyembamba inayoelea, Do ya juu ikiimbwa na uzi wa chini ambao hakuna nyundo iliyougusa. Akainamisha kichwa upande. Akarudia tena. Akasogea oktava ya juu, akapiga noti moja hiyohiyo mara kadhaa, kisha akasema kati ya nyuzi tatu za noti ile, mmoja umelegea kidogo.

Hakusema kingine cha kusifu. Alikunywa maji, tukaongea mambo ya nyumbani, akaondoka.

Baadaye nilijaribu kujua ni kipi kilichofanya kazi kubwa jioni ile. Nikazima mwitikio: nikipiga haraka sioni pengo, nikipiga taratibu naliona. Nikarudisha sponji: vidole vikalalamika kabla ya masikio. Nikashusha sauti, na kila kitu kikaanguka kwa pamoja, jambo linalonipa wasiwasi kwamba labda ukubwa wa sauti ndio ulikuwa nusu ya siri.

Usiku hakuna ruhusa ya spika. Natumia hedifoni zenye mgongo wazi, kwenye programu nachagua rekodi za maikrofoni zilizosimama mbali kidogo na piano, na nachanganya chembe ya upande wa kushoto ndani ya kulia. Sauti imeshatoka katikati ya nyusi, imefika mbele ya uso. Kwenye vitufe bado haijafika, na bado naitafutia njia.