Masurufu ya watoto kwa baba asiye na mshahara

Nilipoachwa nikaenda kwa kadhi hapa Pemba kudai masurufu, yaani pesa za matunzo ya wanangu, nilishauriwa mengi, na mengi ya hovyo. Eti mwanamme wa mashamba hana mshahara, kadhi atamkata nini? Eti niwazuie watoto wasimuone mpaka alete pesa. Hili la pili ndilo baya zaidi. Kumuona mtoto na kumlisha ni mambo mawili mbali mbali, na ukizuia moja unampa mwenzio la kukusema mahkamani. Wangu walikwenda kwa baba yao kila Ijumaa na dai likaenda mbele vile vile.

Barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaani), cheti cha talaka, vyeti vya kuzaliwa, hayo yanajulikana. Kazi iko kwenye hesabu. Ukisema "awahudumie wanawe" hujadai kitu. Kadhi anapima haja ya mtoto na uwezo wa baba, na aya ya 7 ya Surat At-Talaq imeshasema: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, aliyebanwa atoe katika alichopewa. Basi niliandika karatasi tatu. Ya kila siku: mchele, unga, kitoweo, mafuta, sabuni, bei zote nimezinakili kutoka daftari la mkopo la dukani, kwa hivyo hakuna wa kusema nimezibuni. Ya kila mwezi: chuoni (madrasa), twisheni, nauli. Ya mwaka: sare za skuli, mabuku, viatu, nguo za Idi zote mbili. Wengi huzichanganya, jumla inatisha, mdaiwa analia kuwa anaonewa, na mwisho wanapatana kijisehemu ambacho viatu havimo.

Sasa ujanja wangu, na huu najisifu nao. Baba watoto alisema hana mshahara. Nikasema kweli, hana. Nikaomba kila mwezi kiasi kidogo cha chakula, ambacho hata muhogo na samaki unakitoa, na karatasi ya mwaka ailipe mara moja karafuu zikishauzwa. Karafuu hapa Pemba zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na ukiuza unapewa stakabadhi. Alipoulizwa za msimu uliopita, alitazama dari. Hakubisha tena.

Ila usikubali kuandikiwa "nusu ya mavuno". Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Taja kiasi cha pesa na mwezi wa mwisho wa kulipa, na mwaka ukiharibika yeye ndiye arudi kuomba kipunguzwe. Na mkipatana, mapatano yaingie kwenye jalada na yawe amri ya mahkama. Ya barazani kwa wazee hayana wa kuyatekeleza.

Bibi au mlezi anayekaa na mtoto naye anaweza kudai, si mama peke yake. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, mdai aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Hapo inafanya kazi Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya 2011, na mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18.

Pesa nazipokea kwa simu tu, ujumbe unabaki. Akileta gunia la mchele tunaandika, tunatia saini wote wawili. Hilo linamlinda na yeye. Miezi ikikatika, usifungue kesi mpya. Rudi mahkama ile ile na nambari ya kesi na orodha ya miezi isiyolipwa, uombe utekelezaji wa hukumu.