Venye nilichagua vitabu vya MCAT mpya nikiwa Nairobi

Swali naloulizwa kila mara na wadogo zangu wanaotaka kufanya MCAT ni "ulinunua seti gani ya vitabu", na mimi huwa nawarudishia swali, kwani mada zenyewe umeshazisoma? Juu ukienda kununua kabla hujajua mtihani unataka nini utauziwa kila kitu na bado utakosa kile unahitaji.

Kwa wale hawaujui, huu ni mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari Marekani na Kanada, unaandaliwa na AAMC, yaani chama cha vyuo vya udaktari vya huko. Kule si kama kwetu penye ukimaliza KCSE na gredi zako ziko sawa unaitwa udaktari moja kwa moja, kule kwa kawaida unasoma digrii nyingine kwanza ndio uombe. Mimi nilikuwa nimemaliza digrii ya bayolojia huko huko nikarudi Nairobi kujisomea nyumbani, manake hapa nakaa kwa mamangu na chakula kipo, ile pesa ningelipa rent naiweka kwa mtihani.

Sasa huo mtihani ulibadilishwa 2015, na si kubadilishwa kidogo. Ule wa zamani alama zilikuwa 3 mpaka 45, huu mpya zinaanza 472 mpaka 528 na katikati ni 500. Waliongeza sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia, wakaleta bayokemia kwa nguvu, na ukawa mrefu sana, ukihesabu na breki unakaa pale kama saa saba na nusu. Lakini vitabu vya zamani bado vinazunguka na hapa Nairobi ndivyo rahisi kupata, binamu yangu alinipa boksi zima la vya rafiki yake na vingine utakuta kwa wale wa inama bookshop katikati ya jiji, wale wanapanga vitabu vya mitumba chini barabarani. Kwa hivyo nikawa na njia ya kuvipima haraka. Nafungua kurasa za mwanzo natafuta penye wameeleza alama, kikisema juu kabisa ni 45 basi ni cha kabla ya 2015, na kikikufundisha kuandika insha ya mtihani hicho ni kizee zaidi juu insha ilitolewa 2013. Jamaa mmoja Tom Mboya Street alinionyesha seti akaniambia, "Siz, hii ni orijino kabisa, hakuna mtu ameandika ndani," na kweli ilikuwa safi lakini ni ya 45, nikamwambia asante bro, niuzie tu hicho cha fizikia. Fizikia haijazeeka, umeme ni ule ule, mwanga ni ule ule, hata kemia ya kawaida ya vitabu vya zamani iko sawa. Kenye hutapata humo ni sosholojia, na bayokemia ni kidogo mno.

Kitu kilinisaidia kuliko vyote ni cha bure, ile orodha ya mada ya AAMC wenyewe. Imekuwekea mpaka asilimia. Sehemu ya kemia na fizikia, kemia ya kawaida ni kama 30, bayokemia 25, fizikia 25, kemia ogania 15, iliyobaki bayolojia. Sehemu ya bayolojia, bayolojia yenyewe ni 65 na bayokemia 25 tena. Angalia hapo vizuri, bayokemia iko robo ya sehemu mbili nzima, na fizikia ni robo ya moja tu. Nilipoona hivyo nikajua pesa yangu inaenda wapi, kitabu kimoja kipya nilichonunua ni cha bayokemia, nikakisoma mpaka zile amino asidi 20 zinazojenga protini nikawa naziandika na umbo lake na herufi yake nikiwa kwa matatu. Kemia ogania watu wanaiogopa wananunua vitabu vinene, mimi naona kwa hii MCAT mpya haistahili hiyo pesa yote.

Saikolojia na sosholojia sikununua kitu. Khan Academy wako na video za bure za MCAT, nilikuwa nazidaunlodi penye kuna wifi ndio bando isiishe, halafu msamiati wote naweka kwa Anki, hiyo ni programu ya kadi za maswali inakurudishia kadi kabla hujaisahau. Hii sehemu ni msamiati mwingi sana na maneno yanafanana, bila kurudia rudia yanakuchanganya.

Sehemu ya kusoma na kuchambua, ile inaitwa CARS, hiyo ndio watu wanatapeliwa nayo zaidi. Ni maswali 53 kwa dakika 90, vifungu vya falsafa, historia, sanaa, siasa na mambo ya jamii, na hauhitaji kujua chochote cha nje, jibu liko kwa kifungu. Sasa kitabu cha kukufundisha nini? Unahitaji vifungu vya kufanyia mazoezi na unahitaji kusoma vitu vigumu kila siku. Nilikuwa naenda maktaba ya McMillan pale Banda Street naketi na vitabu vya falsafa na historia ambavyo nisingevigusa maishani, nikimaliza sura naandika kwa sentensi moja mwandishi anataka nikubali nini. Mwanzo ilikuwa ngumu kweli lakini baada ya muda nikawa nasoma kifungu naskia mtu anabishana na mwenzake.

Maswali ya mazoezi ya kampuni zingine yako sawa kwa kujenga stamina ila lugha yao si ile ya mtihani, kwa hivyo mitihani kamili ya mazoezi ya AAMC niliiweka mpaka mwisho. Naifanya asubuhi, simu kwa mamangu, dakika 95 kwa maswali 59 kila sehemu ya sayansi, breki zile zile, na bila kikokotoo juu hawakuruhusu, logi za pH, kile kipimo cha asidi, unakadiria kwa kichwa. Siku inayofuata yote ni ya kukagua tu, kila swali nililokosa naandika kwa daftari sababu, kama sikujua mada ama nilisoma swali vibaya ama muda uliisha. Wiki ya mwisho sikufungua kitabu chochote, nilisoma hilo daftari na kadi za Anki basi, na kurasa zilizojaa zaidi zilikuwa za kusoma swali vibaya, kwa hivyo kwa mtihani nilikuwa naangalia neno "isipokuwa" kwanza kabla ya kuangalia majibu.