Nilivyojifunza kuwachora watu waliochoka bila kuwavunjia heshima

Sikusomea uchoraji. Nilikuwa na penseli, saa chache za usiku baada ya kazi, na hamu ya kuwachora watu ninaopishana nao kila siku: anayesubiri zamu, anayebeba mzigo usio wake, anayejikaza asilie mbele ya watoto. Nilijiwekea kipimo kimoja: aliyechorwa akiiona picha, ajitambue na asione haya.

Nilianzia kwenye mikono. Mtu akijua anatazamwa huupanga uso wake, lakini mikono huisahau. Mama mmoja aliketi kwenye foleni na bahasha mapajani, kidole gumba kikisugua pembe yake mpaka karatasi ikalainika na kuota nyuzi. Nilichora kile kidole na ile pembe, basi. Walioiona picha waliniuliza mle ndani ya bahasha mna nini.

Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi aliyeamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, alichora vichwa na mikono ya wakulima kwa miezi kadhaa kabla ya kukamilisha picha yake ya wala viazi mwaka 1885. Hilo lilinipa subira.

Ngozi nyeusi ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyonifundisha mengi. Rangi nyeusi ya kwenye tyubu huifanya ngozi iwe bapa, kama ukuta ulioshika masizi, kwa hiyo niliiweka kando kabisa. Nachanganya kahawia yenye wekundu na bluu iliyokoza: kahawia ikizidi, kivuli hupata joto, bluu ikizidi, hupoa. Mwanga wa mchana ukipiga paji la uso na mfupa wa shavu huacha bluu hafifu inayokaribia zambarau. Masikioni na kwenye vifundo vya vidole kuna wekundu. Kabla sijagusa brashi nafinya macho mpaka vitu vidogovidogo vipotee, yabaki mafungu ya mwanga na giza. Hayo yakikaa mahali pake, sura huja yenyewe. Na kwa rangi za mafuta, tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo kuliko za juu, la sivyo picha hupasuka baadaye.

Usiku sikuwa na wa kumchora, nikageukia kioo. Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, naye baada ya ajali ya basi ya mwaka 1925, alijichora akiwa kitandani kwa kioo kilichofungwa juu yake. Mimi niliiona taya ya mama yangu, na mkunjo kati ya nyusi ambao miaka yote niliudhani ni wa hasira. Nilipoupaka tena na tena niliona ni alama ya kukaza macho kwenye kazi. Tangu hapo naamini kujichora ni njia ya kweli ya kujiuliza wewe ni nani, maana brashi inakulazimisha utazame.

Siku hizi naomba ruhusa kwanza, kisha namwonyesha mhusika picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Mbeba mizigo mmoja aliitazama yake kwa muda, akasema viatu nimevifanya vizima mno. Nikavirudia, na soli ya kushoto nikaiacha imeachama.