Nilisema Sijambo, Kidole Kimevunjika

Nikiwaambia Waswahili wenzangu wa huku Uingereza kwamba wikiendi navaa soksi ndefu za sufu na kwenda kupigana vita vya mwaka 1645, hucheka kwanza, halafu huuliza: "Sasa mnaumizana kweli?" Tunaumizana. Ila si kwa vile wanavyodhani, na mimi aliyeniponza ni ulimi wangu mwenyewe.

Vita vyenyewe ni vile vya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake, vilivyoanza 1642. Waingereza wana mapenzi ya ajabu na ugomvi huo. Chama kimoja kinachojulikana sana, Sealed Knot, kinauigiza tangu 1968, na kila Januari hurudia mapigano ya mji wa Nantwich ya 1644, baridi iwe baridi. Kikundi changu ni kingine, na jina lake nalihifadhi. Aliyenivuta ni mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya usiku. Nilikwenda kutazama, nikarudi nimeandikishwa kwenye jeshi la Bunge, upande wa mikuki.

Watazamaji huogopa magobore, na kwa kweli gobore ndilo linalochungwa kuliko kitu chochote pale uwanjani. Baruti ni ya kweli. Huwezi kuinunua wala kuiweka nyumbani bila kibali cha polisi, na bunduki nayo ina cheti chake. Risasi haitiwi, wala karatasi haishindiliwi juu ya baruti. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, hauguswi kabisa wakati wa pambano, maana mtu akiusahau ndani ya mtutu umeshakuwa mshale. Mtutu huinuliwa juu ya vichwa vya adui, kwa sababu hata mlipuko mtupu unaunguza uso wa aliye karibu. Masikioni tunaweka vizibo, anasa ambayo askari wa 1645 hakuijua. Na kabla ya kutoka kambini kila bunduki hukaguliwa kama kweli ni tupu. Mwanzoni niliona wanapoteza muda, mpaka niliposimuliwa ya Gettysburg, Marekani: mwaka 1998, wakiigiza mapigano ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe yaliyotokea pale, kutimiza miaka 135, mwigizaji mmoja alipigwa shingoni na risasi halisi. Alipona.

Panga ni butu na ncha zake zimeviringwa. Hazipelekwi usoni.

Kinachotuumiza hasa ni vitu visivyo vya vita. Mashamba ya huku yana mashimo ya sungura, na ukiwa umevaa kofia ya chuma inayokuziba pembeni, unarudi kinyumenyume huku umeshika mkuki wa futi 16, kifundo cha mguu hakina mtetezi. Mwezi wa saba jua likiwaka, sufu na chuma vinakupika. Kuna watu kazi yao ni kuzunguka katikati ya vita na ndoo za maji, na ukikataa kunywa mara mbili watakusimamia mpaka unywe. Farasi wamefundishwa kuzoea milio, lakini farasi hajui kwamba leo upande wake ndio unashinda, kwa hiyo wewe ndiye wa kumpisha.

Na kufa kuna ufundi wake! Hili lilinishangaza. Nilidhani ukichoka unajitupa tu chini. La. Kwanza unatazama nyuma yako, kwa sababu mstari wako ukirudishwa nyuma, buti za watu wazima zitapita juu yako. Unakufa pembeni, hufii katikati. Unalala kifudifudi, unakusanya mikono chini ya kifua vidole visikanyagwe, kofia unaiacha kichwani. Silaha yako unailaza kando ambapo hakuna atakayejikwaa nayo. Halafu unatulia, na kama umepata kivuli, unamshukuru Mungu. Mzee mmoja wa kikosi chetu anasifika kwa kufa dakika ya tano tu baada ya vita kuanza, daima chini ya mti uleule.

Mimi niliumia kwenye kusukumana. Vikosi viwili vya mikuki vinaiinua wima, mikono imeshika mti mbele ya kifua, kisha vinakutana bega kwa bega na kusukumana kama mafahali. Mkono wangu wa kushoto ulibanwa kati ya mkuki wangu na wa jamaa wa upande wa Mfalme. Nilisikia kitu kama kijiti kikavu kikikatika. Tulipoachana, msimamizi aliniona nimekunja uso, akaja mbio, akaniuliza kama niko sawa.

Nikasema niko sawa, asante. Tena kwa tabasamu.

Sikuwa namdanganya kwa kukusudia. Sisi tumekua na salamu ambayo jibu lake limekwisha kuandikwa kabla ya swali: hujambo, sijambo. Mtu ana homa, kitandani haamki, ukimjulia hali anakujibu ni mzima, hajambo kidogo, ndipo taratibu jambo lenyewe litoke. Tatizo ni kwamba Mwingereza naye ana ugonjwa huohuo. Anauliza "uko sawa?" huku ameshaanza kuondoka. Basi aliridhika, nami nikarudi kwenye mstari, nikasukuma mara mbili zaidi nikiwa na glavu iliyokuwa inanibana kila dakika. Jioni glavu haikuvulika. Ilibidi ikatwe kwa mkasi. Eksirei ilionyesha mfupa wa kidole cha pete umevunjika, na daktari aliniuliza kwa utaratibu kabisa kwa nini niliendelea.

Yule msimamizi alinikasirikia kuliko daktari. Akanikumbusha kwamba uwanjani sauti zote ni za uongo. "Nakufa", "mguu wangu", "nisaidieni", yote hayo yanapigwa kelele na watu wazima wa afya, tena ndivyo wanavyotakiwa, watazamaji wamelipa kuyasikia. Ndiyo maana lipo neno moja tu la kweli, na likitamkwa kila mtu huganda palepale alipo, mikuki juu, mpaka mtu wa huduma ya kwanza afike. Mimi neno hilo nilikuwa nalijua. Nililifanyia mazoezi tangu siku ya kwanza. Niliona haya kusimamisha vita ya watu mia kwa ajili ya kidole.

Msimu uliobaki nilipewa ndoo ya maji. Mwanzoni nilijiona nimeshushwa cheo, baadaye nikaanza kuipenda kazi yenyewe, maana ukitembea polepole katikati ya vita unaona mengi: nani amekufa kwa raha zake, nani amekaa chini na macho yake hayatulii. Mwezi wa nane kijana mmoja mgeni alitoka kwenye msukumano akiwa amebana mkono kwapani. Nikampa maji, akanywa kwa mkono mmoja. Nikamuuliza vipi, akasema yuko sawa, asante. Akatabasamu.

"Vua glavu," nikamwambia.

Akasema si kitu. Nikaweka ndoo chini.

"Vua, nione."